Vitabu vya Kubeba Unapokwenda Kujitolea Nje ya Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye ameshakubaliwa, kituo chake anakijua au anakikisia, na sasa amebaki na begi na rundo la vitabu visivyoenea. Majibu yanamfaa anayekwenda miezi mitatu na anayekwenda miaka miwili, ingawa nimemfikiria zaidi huyu wa pili. Ndiye atakayeishi na uchaguzi wake kwa muda mrefu.

Nibebe vitabu vingapi?

Uliza kilo kwanza, idadi itajipanga yenyewe. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 23 kwa begi, na begi likipita kilo 32 mara nyingi hukataliwa hata kama uko tayari kulipia. Begi la mkononi kwa mengi ya mashirika hayo ni kilo 7 au 8. Humo kuna nguo, viatu, dawa na vifaa vya kazi, vyote vikigombea nafasi ileile.

Karatasi ni nzito kuliko inavyoonekana. Ile ya kawaida ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Kitabu cha kurasa 300 cha ukubwa wa A5 kina karatasi 150, kwa hiyo kabla ya kuhesabu jalada kina gramu 370 hivi. Vitano vya namna hiyo vinakaribia kilo mbili. Kwa maoni yangu, anayekwenda mwaka mmoja au zaidi atenge kilo mbili na nusu, tatu zikizidi sana. Mwenye miezi mitatu achukue viwili vyembamba, basi. Vyenye jalada gumu viache nyumbani.

Usikadirie kwa mkono. Panda kwenye mizani ukiwa umevikumbatia, panda tena mikono mitupu, toa tofauti. Na kile kizito kuliko vyote kisafiri ndani ya mfuko wa koti lako.

Mashirika ya kujitolea hayatoi vitabu?

Siku hizi mengi hutoa mwongozo wa mafunzo na kitabu cha lugha, na mara nyingi kama nakala laini tu. Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961, katika miaka yake ya mwanzo iliwapa watu wake masanduku ya vitabu vya jalada jepesi, riwaya na historia na vitabu vya maarifa vikiwa vimechanganywa pamoja. Wazo lilikuwa zuri, na limebaki na somo moja kwa anayepakia leo: mchanganyiko unamfaa mtu wa kituo cha mbali kuliko vitabu kumi vya aina moja. Hujui utakuwa na moyo gani mwezi wa saba.

Simu yangu inabeba maktaba nzima. Karatasi ya nini?

Beba vyote viwili, ila usiitegemee simu peke yake. Umeme ukikatika siku tatu, simu utaihifadhi kwa ajili ya mawasiliano. Ikianguka na kupasuka kioo, umepoteza kamera, tochi, ramani na maktaba kwa mpigo mmoja.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa tayari kituoni. Ukikaa nje ya nyumba umeinamia simu, majirani wanaona mtu anayechati na watu wa kwao, na wanapita. Ukiwa umeshika kitabu, mtoto atasogea kutazama picha ya jalada, mwalimu mwenzako atauliza kinahusu nini, na mazungumzo yameanza bila wewe kuyatafuta. Kitabu cha karatasi unaweza pia kumwazima mtu. Nakala laini iliyofungwa kwenye akaunti yako huwezi kumpa jirani aende nayo kwake.

Vipi kile kifaa maalumu cha kusomea vitabu?

Kikikufaa mfukoni, nunua. Chenye skrini ya wino wa kielektroniki, kama Kindle na wenzake, kina uzito wa gramu 200 hivi, kinasomeka kwenye jua kali, na chaji yake hukaa wiki kadhaa kwa msomaji wa kawaida. Kwa mtu mwenye umeme wa kubahatisha hilo ni jambo kubwa.

Lakini kishughulikie kabla hujaondoka. Pakua vitabu vyote mpaka viingie ndani ya kifaa chenyewe. Picha ya jalada kuonekana kwenye orodha si ushahidi kwamba kitabu kimeingia. Zima intaneti, fungua kimoja kimoja, pindua ukurasa wa katikati. Vitabu vya kuazima kutoka maktaba za mtandaoni vina tarehe ya mwisho, na siku hiyo ikifika vinafungwa. Maduka mengi ya vitabu vya kielektroniki pia huuza kwa kufuata nchi iliyosajiliwa kwenye akaunti, hivyo usihamishe usajili kabla hujajua nini kitabaki na nini kitapotea. Vile ulivyonavyo kihalali kama mafaili, hasa ya EPUB na PDF, viweke nakala ya pili kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971, ina makumi ya maelfu ya vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani, na ni bure. Vingi ni vya zamani na vya Kiingereza, lakini miaka miwili ni mirefu.

Pawabanki iingie begi la mkononi, si lile linalokwenda tumboni mwa ndege. Kikomo kinachokubalika bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ina kama 74, kwa hiyo inapita.

Nichague vitabu vya aina gani hasa?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapoharakisha.

Kosa linalojirudia ni kupakia vitabu vya mtu unayetamani kuwa. Mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu cha falsafa anabeba vitatu, akiamini upweke utamfanya mwanafalsafa. Haumfanyi. Miezi ya mwanzo utakuwa umechoka kwa namna ambayo hujaizoea: kutwa nzima unasikiliza lugha usiyoimudu, unatabasamu mahali ambapo hukuelewa, unakosea salamu. Ukirudi chumbani jioni akili haitaki mzigo mwingine. Inataka sauti inayoifahamu.

Ndiyo maana kitabu cha kwanza kuingia begini kiwe ulichokwisha kukisoma na kukipenda. Najua inaonekana ni kupoteza nafasi, na nimebishana na wengi juu ya hili. Lakini kitabu kipya ni bahati nasibu, ukikichoka ukurasa wa thelathini unabaki na gramu 400 za karatasi. Kile unachokijua unaweza kukifungulia popote, ukasoma kurasa nne ukalala. Jaribio lake ni rahisi. Kama ulishawahi kukirudia bila kulazimishwa na mtihani, kinafaa.

Baada ya hicho, tafuta kirefu. Riwaya nene kuliko saburi yako ya kawaida, iliyokaa rafuni muda mrefu, hapa hupata wakati wake, mara nyingi kuanzia mwezi wa nne au wa tano, kazi ikishaeleweka na jioni zikaanza kuwa ndefu. Ukipangiwa karibu na ikweta giza huingia karibu saa ileile mwaka mzima. Ukipangiwa kaskazini ya mbali, miezi ya baridi jua huonekana saa chache tu. Vyovyote vile kuna saa nyingi za ndani ya nyumba.

Ushairi hubebeka kuliko kitu kingine chochote. Diwani ya kurasa themanini haina uzito wa kutajwa, na mashairi hayaishi kama riwaya inavyoisha. Chagua kwa lugha unayoota kwayo. Ukiwa umezungukwa na lugha ya kujifunza, utashangaa jinsi masikio yanavyoikosa ya kwako.

Vitabu vya kuhamasisha, vile vya kubadili maisha kwa hatua saba, sivibebi na simshauri mtu. Ukiviona vinakuita, visome kabla ya safari.

Nisome nini kuhusu nchi ninayokwenda?

Soma vingi kabla, beba kimoja. Tafuta kwanza walioandika wenyewe: riwaya ya mwandishi wa nchi hiyo, na historia iliyoandikwa karibuni na mtu aliyelelewa humo. Simulizi za wasafiri waliopita wiki sita zinaburudisha, ila zinakufundisha zaidi habari za msafiri kuliko za wenyeji. Na ukifika, usizinukuu mbele ya watu.

Kitabu kizuri kuliko vyote juu ya nchi yenyewe huwezi kukibeba, kwa sababu kinauzwa huko. Ni kile cha historia au uraia cha shule ya msingi. Karibu kila mtu utakayekutana naye alikisoma au alisoma kinachofanana nacho. Humo utakuta mashujaa ambao mitaa na shule zimepewa majina yao, vita vinavyosimuliwa kwa upande gani, na mambo yanayorukwa kimyakimya. Sentensi ni fupi, picha zipo, msamiati ni ule wa kila siku. Mwalimu wako wa lugha atafurahi kukupitisha ukurasa kwa ukurasa. Acha nafasi yake begini.

Vitabu vya mwongozo wa watalii huzeeka haraka: nauli, ratiba na hoteli zimebadilika kabla wino haujakauka. Piga picha kurasa za ramani na za historia fupi, kitabu chenyewe kibaki.

Kamusi ya karatasi bado inahitajika?

Kwa lugha kubwa, programu ya simu inatosha, mradi uipakue itumike bila intaneti. Kwa lugha yenye wasemaji wachache hali ni nyingine kabisa: programu hazina kitu, na kamusi pekee iliyopo pengine ilichapishwa na wamisionari au chuo kikuu miaka mingi iliyopita na haipatikani madukani. Tafuta nakala iliyoskaniwa kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, kisha ichapishe kurasa unazozihitaji. Angalia kama tahajia yake ndiyo inayotumika leo, maana lugha nyingi zilibadilishiwa maandishi baadaye, na wanafunzi wako wataandika kwa mtindo mpya.

Kitabu kidogo cha sarufi kina faida kuliko kile cha misemo ya msafiri. Hutahitaji kuuliza chumba kina kiyoyozi.

Vitabu vya kazi je?

Kimoja, viwili ukizidi. Mwulize aliyekutangulia kituoni, si ofisi, kwa kuwa yeye anajua kilichomo kwenye kabati la pale.

Mwalimu wa sayansi anayekwenda shule isiyo na maabara atafute kitabu cha UNESCO cha majaribio ya vifaa rahisi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1956, kikiwa kimekua kutokana na kijitabu cha kuwasaidia walimu wa nchi zilizobomolewa na vita, na UNESCO yenyewe imekiweka mtandaoni. Kimezeeka kwa umbo, lakini chupa, kamba na mshumaa vinatii kanuni zilezile. Mwalimu wa lugha achukue sarufi moja ya rejea anayoiamini, kwa sababu swali gumu halitakuja siku ya intaneti nzuri.

Kwa afya, kuna *Mahali Pasipo na Daktari* cha David Werner, ambacho kimetafsiriwa kwa lugha nyingi sana, Kiswahili ikiwemo. Hata asiye muuguzi hukifungua, awe anatafuta namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha au dalili za hatari za homa. Hakikisha una toleo jipya, kwani ushauri wa dawa hubadilika. Na kuwa nacho hakukufanyi uwe daktari wa kijiji. Watu watakuomba tiba kwa sababu tu wewe ni mgeni mwenye kitabu, na jibu sahihi mara nyingi ni kuwasindikiza zahanati.

Nibebe vitabu vya kugawa shuleni au maktaba ya kijiji?

Usibebe mpaka umeulizwa, au umeuliza na ukajibiwa kwa majina ya vitabu.

Najua nia ni njema. Lakini tazama kinachotokea. Mtu anakusanya kwa marafiki, marafiki wanatoa walichokuwa wanataka kukiondoa, na sanduku linafika likiwa na ensaiklopidia ya miaka thelathini iliyopita, vitabu vya kiada vya mtaala wa nchi nyingine na hadithi za watoto kwa lugha ambayo watoto wa pale hawaisomi. Mwalimu mkuu hawezi kukataa zawadi mbele ya mgeni, basi vinapokelewa kwa shukrani, picha inapigwa, vinapangwa ofisini juu ya kabati. Ufunguo unabaki kwa mtu mmoja ili visichanwe. Hakuna anayevisoma, na hakuna anayethubutu kuvitupa.

Mara nyingi gharama ya kusafirisha inazidi thamani ya vitabu vyenyewe. Fedha hiyohiyo ikitumika kwa mchapishaji au muuza vitabu wa nchi ile, shule inapata vya mtaala wake, kwa lugha yake, nakala za kutosha dawati moja moja, na mwenye duka naye anapata riziki. Kaa miezi mitatu kwanza. Angalia watoto wanasoma nini wakiwa hawajaamriwa. Halafu mwulize mwalimu angetaka nini, na umwache yeye ndiye achague.

Kinachofaa kubebwa tangu mwanzo ni kitabu kimoja cha picha nyingi na maneno machache: wanyama, anga, viungo vya mwili. Hicho hakina mtaala, na kitapita mikononi mpaka kichakae.

Forodha wanaweza kunizuia?

Kwa kodi, mara chache. Mkataba wa Florence wa UNESCO wa mwaka 1950 unazitaka nchi zilizouridhia kutotoza ushuru wa forodha vitabu vinavyoingia, ingawa tozo nyingine za ndani zinaweza kubaki. Vitabu vichache vya mtu binafsi havileti maswali kwa kawaida, ila masanduku yanaleta.

Kwa yaliyomo, soma sheria za nchi husika mapema. Thailand ina sheria kali dhidi ya kuwadhihaki watu wa familia ya kifalme, na wasifu wa mfalme uliochapishwa nje unaweza kukuponza. Maldivi inakataza kuingiza machapisho yanayoonekana kwenda kinyume na Uislamu. Mahali pengi nakala moja ya kitabu chako cha ibada haina shida, lakini nakala kumi za kitabu kilekile humfanya afisa aulize unakwenda kujitolea au kuhubiri. Vitabu vya siasa za sasa za nchi unayokwenda visome kabla ya kupanda ndege. Sheria hizo haziishii kwenye karatasi: kilichomo kwenye kifaa chako kinaweza kuhesabiwa pia.

Je, nikivituma kwa posta?

Inawezekana, na kuna huduma ambayo watu wengi hawaijui. Chini ya taratibu za Umoja wa Posta Duniani upo mfuko maalumu wa machapisho, unaokwenda kwa mpokeaji mmoja, hadi kilo 30, kwa nauli nafuu kuliko kifurushi cha kawaida. Si kila nchi inaitoa bado, kwa hiyo ulizia kaunta, na uwe na subira ya miezi. Usiweke humo kitu kingine zaidi ya machapisho, na usiweke kitabu ambacho kikipotea utalia.

Nitavitunzaje penye unyevu na wadudu?

Ukungu hupenda hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 au 70 na isiyotembea. Usivifungie kwenye sanduku la plastiki siku ya mvua, maana unakuwa umefungia na unyevu wenyewe. Viweke rafuni, wima, mbali kidogo na ukuta, na uvipepetepepete mara moja kwa wiki. Vile vya thamani viingie mfuko wa kufunga pamoja na vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu, siku kavu. Kwa mchwa, inua rafu kutoka chini na utazame nyuma yake mara kwa mara: mstari mwembamba wa udongo unaopanda ukutani ni taarifa kwamba umebakiwa na muda mfupi.

Kitabu kikilowa, kisimamishe kikiwa kimefunguka kidogo penye upepo. Juani kitapinda.

Vitabu vya sauti vinafaa?

Sana, hasa kwa mwenye safari ndefu za basi barabara mbovu. Ila faili ni kubwa, kwa hiyo pakua mapema. Kwa asiyeona au asiyeweza kusoma maandishi ya kawaida, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umerahisisha nakala za Breli na za sauti kuvuka mipaka kati ya nchi wanachama. Wasiliana na maktaba yako ya wasioona kabla ya safari, wao wanajua njia.

Na daftari?

Moja zuri. Mengine utayapata huko.

Nitapata vitabu vya kusoma huko?

Karibu kila mara, ila si unavyovitaka. Nyumba za watu wa kujitolea na ofisi za mashirika huwa na rafu ya vilivyoachwa, na utasoma riwaya za kipelelezi ambazo usingezigusa nyumbani. Mwandikie anayemaliza muda akupigie picha ya rafu yake. Picha moja ile inaweza kukuokolea kilo nzima.

Siku ya kurudi nivifanyeje?

Amua mapema nani anapata kipi, na uandike jina ndani ya jalada, vinginevyo vitakwenda kwa aliyewahi kufika. Cha kazi kibaki kituoni. Ulichojaza maandishi pembeni rudi nacho. Na vile ulivyoazimisha usianze kuvidai wiki ya mwisho: anza mwezi mmoja kabla, maana aliyekiazima kwako naye ameshamwazima shemeji yake, na shemeji yuko safarini.